Daktari Amenikataza

Njaa haina kabila wala cheo, lakini shibe ina masharti. Mtu alaye kila kitu huingia katika hoteli yo yote, akaketi, akaagiza, akala, akalipa, akaenda zake. Mtu asiyekula nyama huingia katika hoteli ile ile kama mshitakiwa aingiavyo mahakamani: huulizwa sababu kabla ya kupewa chakula. Mimi ni mmoja wa watu hao. Tangu mwaka 2011 sijala nyama wala samaki, na katika muda huo nimejifunza mambo ya hoteli zetu ambayo nisingaliyajua kama ningaliendelea kula kama wenzangu. Nataka kuyaeleza machache hapa, pamoja na uongo mmoja nilioutumia kwa miaka mitatu. Naueleza uongo huo kwa kuwa gharama yake hakuilipa aliyeusema.

Sikuacha nyama kwa sababu ya dini, wala kwa kusoma vitabu. Mwaka huo nilifuatana na rafiki yangu kwenda katika mnada wa ng'ombe wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, kununua ng'ombe wa harusi ya dada yake. Yule tuliyemchagua alikuwa amesafirishwa kwa gari kutoka bara, na kiu ilikuwa imemshika sana. Nilimpa maji kwa ndoo. Alipokwisha kunywa aliulamba mkono wangu, akaendelea kuulamba mpaka rafiki yangu akamaliza kuhesabu fedha. Siku ya harusi niliketi mbele ya sinia la pilau, nikaona kwamba siwezi. Nilidhani ni jambo la siku moja. Halikuwa la siku moja. Simlaumu mtu ye yote alaye nyama, na harusi ile ilikuwa njema. Nasimulia tu yaliyonipata.

Nyumbani sikupata taabu. Nilizaliwa katika milima ya Usambara, mahali ambapo kabichi, karoti na viazi hupandwa kwenye miteremko, vikapelekwa Dar es Salaam kwa malori. Nililelewa kwa makande, kisamvu, mnavu, ndizi na maharage. Nyama ilikuwa ya sikukuu, na kwa hiyo sikukuu ilikuwa nyama. Kuacha kilicholiwa mara nne kwa mwaka hakukunipunguzia kitu mezani pangu. Taabu ilianza mlangoni mwa hoteli.

Nilitazamia kwamba kadiri hoteli ilivyo kubwa, ndivyo na uchaguzi wa mtu kama mimi ungekuwa mkubwa. Niliona kinyume chake. Mama lishe wa kando ya barabara ana sufuria ya maharage kila siku, na pembeni ana mchicha, matembele au kisamvu, kwa sababu wateja wake wengi hawawezi kununua nyama siku zote. Kwake nashiba, wala hapana anayenitazama. Ukipanda daraja moja, penye meza zilizotandikwa plastiki ya maua, maharage yapo bado, lakini yamekuwa mtumishi wa kuku. Ukipanda daraja la pili, penye bustani na muziki wa jioni, maharage yamefukuzwa. Kuna mishikaki, nyama ya kuchoma, samaki, na ndizi zilizoletwa kuisindikiza nyama. Ukipanda daraja la tatu, orodha ya vyakula ni kitabu cha kurasa kumi: tisa na nusu ni za wanyama, na nusu iliyobaki ni chipsi na majani mabichi yaliyokatwakatwa. Nimekula chipsi katika karamu za kuwaaga wazee wa idara yetu. Nimekula chipsi katika mikutano ya wataalamu. Nimekula chipsi katika harusi, mbele ya bibi arusi aliyeniuliza kwa huruma kama nimekosana na mumewe.

Saa nazo zina hukumu yake. Asubuhi ya pwani ni neema tupu. Mombasa mtu hula mahamri kwa mbaazi za nazi. Dar es Salaam hula chapati kwa maharage. Unguja kuna bajia na kachori. Hapana aviitaye hivi vyakula vya watu wasiokula nyama. Ni vyakula tu, na watu wote huvila kwa furaha. Lakini jua likitua mambo hugeuka. Moshi wa mishikaki hupanda kila pembe, na hata urojo, ambao mwanzo wake ni viazi na bajia, hutumbukizwa nyama kabla hujawahi kusema neno. Kwa mtu wa hali yangu mji hufungua milango alfajiri na kuifunga magharibi.

Sasa nakuja katika jambo ambalo elimu yangu iliniaibisha. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Katika mwezi wa kwanza wa kuacha nyama niliingia katika hoteli moja ya mjini, nikasema kwa adabu, "Naomba wali kwa mboga."

Mhudumu akauliza, "Mboga ipi? Ipo ng'ombe, ipo kuku, ipo samaki."

Nilitahayari. Ni mimi mwenyewe ambaye kila mwaka huwaeleza wanafunzi kwamba neno mboga, katika vinywa vya watu wengi, ni kila kiliwacho pamoja na ugali au wali. Ndiyo maana mtu husema bila kosa kwamba leo mboga ni dagaa. Nilikuwa nikilijua hilo darasani, nikalisahau mezani. Nikajaribu tena: "Mimi sili nyama. Mimi ni mla mboga." Kijana yule akanijibu kwa upole, "Sawa, mzee, kila mtu anakula mboga." Hapo nilifahamu kwamba jina langu halikuwamo katika lugha niifundishayo, au kama limo, halina maana itakiwayo. Mwisho niliagiza maharage matupu. Yalikuja na mfupa. Nilipouonyesha, mpishi mwenyewe alitoka jikoni, akauondoa kwa kijiko mbele yangu, akasema kwa ukarimu wote, "Nimekutolea nyama, mzee. Kula sasa."

Baada ya neno kunishinda, yakafuata maswali. Mtu anayekataa nyama mbele za watu hudhaniwa mambo manne: kwamba hana fedha, kwamba ana dini ya kigeni, kwamba mganga amempa masharti, au kwamba ni mgonjwa. Nimeulizwa kama mimi ni Msabato, kwa kuwa kanisa hilo huwashauri watu wake kula vyakula vya mimea, ingawa wengi wao hula nyama iliyo halali kwao. Nimeulizwa kama nimeoa Mhindi. Rafiki mmoja alinivuta kando akataka kunikopesha fedha. Nilipowaeleza habari ya ng'ombe aliyenilamba mkono, wengine walicheka mpaka wakatoa machozi, na wengine walinyamaza kimya kilichoniumiza kuliko kicheko.

Basi nikatafuta njia fupi. Siku moja, kwa kuchoka tu, nilimwambia mhudumu, "Daktari amenikataza." Maneno haya mawili yalifanya muujiza. Mhudumu alinipa pole. Mpishi alichemsha viazi vipya katika sufuria safi. Wenzangu mezani waliacha mzaha wakazungumza habari nyingine. Ugonjwa una heshima ambayo hiari haina. Mtu akisema hawezi, watu humsaidia. Akisema hataki, watu humpinga. Nikaushika uongo ule kama fimbo ya kutembelea, nikaenda nao hotelini, karamuni na safarini. Mwaka 2014 nilipopata shahada ya udaktari wa falsafa niliuona umekuwa nusu kweli: daktari aliyenikataza nyama alikuwa ni mimi. Nilijisifu kwa werevu huo, na ndipo ulipoanza kudai malipo.

Marehemu baba yangu aliniacha mdogo, na aliyenisomesha ni mjomba. Alinisomesha kwa viazi. Kila gunia lililoshuka mlimani lilikuwa karo, sare au nauli yangu. Habari ya shahada ilipomfikia alipanda basi akaja Dar es Salaam, amevaa kanzu yake ya Idi na koti juu yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba," naye akaitikia, "Marahaba, daktari," huku akicheka kwa fahari. Alikataa kula nyumbani. Alikuwa amesikia kwa madereva wa malori habari za hoteli moja ichomayo mbuzi, na kwa miezi mingi alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya usiku ule. Aliagiza mguu mzima. Ulipoletwa, alikata kipande cha kwanza kwa mkono wake, akaniwekea mbele yangu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Nilisema, "Niwie radhi, mjomba. Daktari amenikataza nyama."

Kisu kilisimama. Akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu miaka mitatu."

Hakuuliza tena. Nilikula chipsi na kachumbari, naye alikula vipande viwili akasema ameshiba. Sehemu kubwa ya mbuzi yule ilifungwa katika karatasi akaondoka nayo. Mimi nililala usingizi mzuri, nikifikiri kwamba nimeokoka.

Juma la pili simu zilianza. Shangazi aliuliza kama napata usingizi. Binamu aliuliza kama miguu yangu inavimba. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alinitumia salamu kwamba nisikate tamaa, na msikitini kwetu nilisomewa dua. Chupa ya asali iliwasili pamoja na mizizi iliyofungwa katika gazeti. Nilijibu kila mmoja kwamba sina neno, na kila jibu lilichukuliwa kuwa ni ushujaa wa mgonjwa. Mwezi wa pili mjomba alifika tena, safari hii bila ya taarifa, bila ya kanzu ya Idi. Alikuwa amebeba bahasha. Ndani yake mlikuwa na fedha nyingi kuliko alizopata kunipa wakati wo wote wa masomo yangu. Alisema amesikia kwamba magonjwa kama langu hutibiwa ng'ambo, na kwamba hizi si nyingi, lakini ni za kuanzia.

Nikauliza amezipata wapi.

"Nimemuuza ng'ombe."

Nilimfahamu ng'ombe huyo. Alikuwa wa maziwa, mweusi, amezeeka kidogo, na nyumba nzima ilikunywa chai kwake. Nikauliza amemuuza kwa nani, nikiombea kwamba awe jirani. Mjomba akanitazama kwa mshangao, maana swali halikuwa na maana kwake. "Kwa mchinjaji," akasema. "Nani mwingine ana fedha taslimu?"

Msomaji ataona mwenyewe jinsi mambo yalivyofungamana. Mtu aliyeacha nyama kwa sababu ya ng'ombe mmoja alikuwa amempeleka mwingine machinjioni kwa ulimi wake. Nilimwambia mjomba kila kitu: mnada, ndoo ya maji, sinia la pilau, vicheko vya rafiki zangu, na fimbo yangu ya uongo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Basi daktari aliyekukataza ni nani?"

"Ni mimi mwenyewe."

Alikaa kimya muda mrefu. Aliposema, hasira yake ilikuwa ya haki. "Nimekula maharage miaka arobaini ili wewe ule nyama. Sasa umefika penye nyama, nawe unaagiza maharage." Sikuwa na jibu, wala sina jibu mpaka leo. Kwake maharage yalikuwa ufukara alionikimbiza nao mgongoni. Kwangu yalikuwa hiari. Hiari yangu ilinunuliwa kwa ufukara wake, na mimi niliiweka mezani mbele yake kana kwamba ilikuwa mali yangu mwenyewe.

Baadaye, chai ilipokwisha kunywewa, alisema neno ambalo nalihesabu kuwa ni mafunzo makubwa kuliko yale yaliyonipa shahada. Alisema, "Babu yako hakula kondoo maisha yake yote. Ulikuwa mwiko wake. Kila alikokwenda ugenini alisema, 'Kondoo kwangu ni mwiko,' akapikiwa kingine. Hakuna aliyemcheka, wala hakuna aliyemuuliza sababu. Wewe ulishindwa nini kusema hivyo?"

Nikamjibu kisomi, "Mwiko hurithiwa, mjomba. Mtu hajiwekei mwenyewe."

Akasema, "Na yule wa kwanza, alirithi kwa nani?"

Nimelifikiri swali hilo tangu siku ile. Neno nililolitafuta lilikuwamo katika Kiswahili siku zote. Nililipita kwa sababu nilitafuta jina la mtu, nami nilihitaji jina la mpaka. "Mla mboga" hueleza kile ambacho mtu hula, na hapo hapana tofauti baina yangu na wengine. Mwiko hueleza pale ambapo mtu husimama. Aidha mwiko hauhukumu wengine: mwenye kusema kondoo kwake ni mwiko hasemi kwamba walao kondoo ni wabaya. Labda ndiyo sababu wenyeji hawakuona taabu kumpikia kingine.

Nikitazama hoteli kwa jicho hili naelewa kwa nini zinaninyima. Hoteli husikia sauti ya jamii kabla ya kusikia sauti ya mtu. Katika mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, penye mahekalu ya Wahindu, mtu wa hali yangu hupata sinia la dengu, chapati, mtindi na mboga za namna nyingi, wala haulizwi lo lote, kwa maana mwiko wa nyama ni wa watu wengi waishio pale. Hoteli za Wahabeshi nazo hujua kupika sahani kubwa isiyo na nyama, siagi wala maziwa, kwa kuwa Wakristo wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, na siku nyingi za Kwaresima. Mimi nisiye wa jamii hii wala ile hushiba kwa fadhila ya miiko ya watu wengine.

Yalimpata hayo hata Gandhi. Alipofika London mwaka 1888 kusoma sheria, alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hatagusa nyama. Alitembea maili nyingi kutafuta chakula, akajaza tumbo kwa mkate, mpaka siku moja alipoikuta hoteli isiyopika nyama katika Farringdon Street. Chama cha Waingereza wasiokula nyama kilikuwa kimeundwa tangu mwaka 1847, na kwa hiyo mji huo ulikuwa na mlango mmoja uliomngoja. Hapo alinunua kitabu kidogo cha Henry Salt, na mwenyewe ameandika kwamba tangu kukisoma, ahadi yake ikawa hiari. Yeye alitoka katika ahadi akafika katika hiari. Mimi nilianza na hiari, na mjomba akanionyesha njia ya kuifanya ahadi.

Wala nchi yetu haina upungufu wa vitu vya kupika. Tunalima mbaazi, kunde, choroko, dengu na maharage ya kila rangi. Mbaazi tunalima nyingi hata mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingizwa kwao, bei ilianguka huku kwetu, na wakulima wa Lindi na Mtwara wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Wakati ule ule mimi niliketi katika hoteli za mji mkubwa wa nchi ile ile, nikiambiwa kwamba bila nyama hakuna ila chipsi. Ni ajabu kulia kwa kukosa walaji ng'ambo, na mlaji yupo mezani hapa ananyimwa sahani. Sidai hoteli zibadilike kwa ajili yangu. Naomba sufuria moja tu ya mbaazi au maharage, isiyotiwa mchuzi wa nyama, nayo iandikwe katika orodha kwa jina lake kama chakula kamili. Ombi hili litamfaa mgonjwa, mwenye kufunga, mwenye fedha kidogo, na mwenye mwiko.

Siku hizi nikiingia hotelini nasema, "Nyama kwangu ni mwiko." Wahudumu wachache huuliza kama ni mwiko wa ukoo, nawajibu ni wangu, nao huridhika. Chakula hakijaongezeka, bali maswali yamepungua. Mara moja nilimwona mpishi akikoroga nyama, kisha akiuelekeza mwiko ule ule kwenye maharage yangu. Nikamwomba abadilishe mwiko kwa ajili ya mwiko. Alicheka sana, akauosha.

Bahasha niliirudisha, mjomba akaikataa. Mwaka 2015 nilimnunulia mtamba, akampokea. Ng'ombe mweusi hakurudi, na sikupata kunywa chai nyumbani kwake bila kumkumbuka. Mjomba angali anakuja Dar es Salaam, na angali anapenda mbuzi. Mara ya mwisho tuliingia katika hoteli kubwa ya ufukweni. Kabla sijafungua kinywa alimwambia mhudumu, "Huyu ana mwiko wa nyama. Mletee maharage." Kijana akajibu kwamba maharage hawana. Mjomba akaichukua orodha ya vyakula, akaigeuza ukurasa baada ya ukurasa mpaka mwisho, akaiweka chini kwa huzuni ya kweli.

"Hoteli yote hii," akasema, "na haina maharage?"